Kabla ya kulipia masta, soma kwanza tangazo la kazi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muivumilie kidogo maana inahusu hela za watu. Msimu wa udahili ukifika ukifungua gazeti, hata hili lenu, kurasa zimejaa matangazo ya shahada za uzamili, yani masta, MBA (masta ya usimamizi wa biashara) ya fedha, MBA ya masoko, masta ya usimamizi wa miradi, masta ya ufuatiliaji na tathmini, masomo ya jioni, ya wikiendi, ya mtandaoni, yani kila mtu anakaribishwa. Sasa mimi kwa kuwa nimefanya kazi za miradi miaka mingi, nikianzia saiti kwa wakandarasi alafu nikahamia kwenye mashirika, kipindi hiki simu yangu haitulii, vijana wa kazini, watoto wa dada, majirani hapa Area C, wote swali ni lile lile, anko nisome MBA au nisome Projekti, yani usimamizi wa miradi?

Na mimi nawajibu kwa swali, tangazo la kazi unayoitaka umeshalisoma? Hapo kimya. Mtu amesoma brosha ya chuo toka juu mpaka chini, anajua ada, anajua klasi zinaanza saa ngapi jioni, anajua mpaka mahafali yanafanyikia wapi, ila tangazo la hiyo kazi inayomfanya atoe mamilioni hajawahi kulisoma likaisha. Ni kama kushona suti kabla hujajua unaenda harusini au msibani.

Chukua basi matangazo ya miezi kadhaa iliyopita, ya Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, ya mashirika, ya mabenki, kaa nayo na kalamu. Utaona kwenye kazi za serikali za kuanzia wanaandika shahada ya kwanza kwenye fani hizi na hizi, masta haipo hata kwenye mstari wa mwisho. Kwenye mashirika masta mara nyingi inaandikwa kwamba itakuwa faida ya ziada tu, ila uzoefu wa miaka 5 au 7 na kujua masharti ya wafadhili, hilo ni la lazima halina mjadala. Hata Umoja wa Mataifa, ambako watu wanaamini bila masta hukanyagi getini, matangazo yao mengi ya ngazi za kimataifa yanataka shahada ya uzamili kweli, lakini soma mstari wa chini yake, wanasema mwenye digrii ya kwanza akiwa na miaka 2 ya ziada ya uzoefu unaohusika anaweza kukubaliwa badala yake. Miaka 2! Ndo muda ule ule ambao mwenzio anautumia darasani, tena wewe ungekuwa unalipwa.

Sisemi watu wasisome. Nasema watu wanachagua kwa kufuata jina la kozi, au kwa sababu rafiki yake kasoma, au kwa sababu ajira imegoma basi bora akae chuo. Hili la mwisho ndo baya kuliko yote na ndo limeenea. Mtoto kamaliza digrii mwezi wa saba, kazi hakuna, mzazi anauza kiwanja anampeleka MBA mwaka ule ule. Nia ya mzazi ni njema kabisa, lakini MBA haikutengenezwa kwa ajili ya huyo mtoto. Harvard walioianzisha mwaka 1908 walikuwa wanaandaa watu wa kwenda kuendesha biashara, na leo hii AMBA, chombo cha kule London kinachoidhinisha MBA za vyuo duniani, kinataka anayeingia darasani awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3. Sababu yake iko wazi ukishakaa kwenye hilo darasa. Mwalimu anatoa kisa cha kampuni iliyokosa hela ya kulipa wasambazaji wakati kwenye vitabu inaonekana ina faida, alafu anasema haya jamani leteni maoni. Meneja wa tawi la benki anainuka anasema sisi mteja wa hivi tunamfanyaje, mama wa bandarini anaelezea mzigo uliokaa miezi, jamaa wa kiwanda cha maji anasema deni la madukani lilivyotaka kuwaua. Nusu ya elimu ya MBA ndo hiyo, iko kwa wenzako. Aliyetoka chuo juzi ataandika notsi zote, atapata A, lakini hana pa kuzibandika.

Alafu anarudi mtaani ana miaka 25 na masta, akiomba kazi ya kuanzia mwajiri anamtazama anasema huyu atatusumbua na mshahara, au ataondoka baada ya miezi 6, akiomba ya meneja anaambiwa uzoefu uko wapi. Nimekaa kwenye paneli za usaili nimeona vijana wameiondoa masta kwenye sivii makusudi ili waitwe. Fikiria mzazi aliyeuza kiwanja akisikia hilo.

Kwa waliomo serikalini kuna jambo jingine ambalo nashangaa watu wazima hawaliulizi. Nenda kwa afisa utumishi wako kabla hujalipa hata ile hela ya fomu. Muulize muundo wa utumishi wa kada yako unasemaje, hii masta inatambulika kwenye kada yangu au haitambuliki, niko kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi au simo, ruhusa nitapata au nitakuwa natoroka. Namfahamu mwalimu wa sekondari kasoma MBA kwa mkopo wa benki akijua akimaliza atahamishiwa halmashauri idara ya mipango. Amemaliza vizuri tu, cheti kizuri, lakini kubadilishwa kada kunahitaji nafasi iwepo na kibali kiwepo, havikuwepo, bado yuko darasani anafundisha jiografia na makato ya mkopo yanaendelea. Cheti hakimhamishi mtu, kinachomhamisha ni nafasi.

Mhasibu naye akinipigia nisome MBA ya fedha namuuliza CPA, ile mitihani ya bodi ya uhasibu, umemaliza? Kama hujamaliza, hiyo MBA ya nini kwanza? Bodi ya wahasibu, NBAA, ndo inayokuwekea mlango, nafasi nyingi za juu za uhasibu hapa kwetu zinataka CPA(T) na ukiwa huna unabaki pembeni hata uwe na masta mbili. Watu wa manunuzi na ugavi vile vile, PSPTB, bodi yao ya kitaaluma, kwanza, usajili ni suala la kisheria, alafu ndo mambo ya masta yafuate. Mitihani ya bodi ni migumu, watu wanarudia mpaka wanachoka, najua ndo maana wengine wanakimbilia MBA, inaonekana nyepesi. Sawa ni nyepesi, lakini tangazo linasema CPA.

Sasa nije kwenye Projekti ambako ndo kwangu. Vijana wamesikia reli ya SGR, wamesikia bwawa la umeme la Julius Nyerere megawati 2115, wamesikia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga kilomita 1443, basi wanasema nchi ni ya miradi na mimi nikasome usimamizi wa miradi. Hesabu inaonekana imekaa vizuri. Ila hebu angalia wanaoendesha hizo kazi ni akina nani. Ni wahandisi, wakadiriaji majenzi, wanasheria wa mikataba, wahasibu, watu wa mazingira, watu wa fidia na jamii. Kila mmoja aliingia na fani yake, usimamizi wa miradi akauweka juu. Mradi lazima uwe mradi wa kitu. Ukiwa na masta ya miradi chini yake kuna uhandisi wa maji, au afya ya jamii, au kilimo, wewe ni wa moto. Ukiwa na masta ya miradi ambayo chini yake kuna digrii uliyosoma ilimradi tu ulichaguliwa, na hujawahi kushika kazi yoyote, unaenda kumsimamia nani sasa?

Na kuna kitu brosha hazisemi, kwamba chini ya hilo jina moja kuna dunia mbili ambazo hazifanani. Kule saiti lugha ni BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake vya kuwekea bei, ni mikataba ya FIDIC, ile mikataba ya ujenzi ya kimataifa, ni hati za malipo, ni mkandarasi anadai aongezewe muda kwa sababu ya mvua na mhandisi mshauri anasema mvua ilikuwa ya kawaida, ni zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, ni ratiba ya kazi. Ile njia ya kukokotoa ni kazi zipi zikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja, CPM, ilitoka kwa watu wa DuPont huko Marekani mwaka 1957, wenye viwanda vya kemikali, watu wa mabomba na vyuma. Upande wa mashirika lugha ni nyingine kabisa, kule ni logifremu, lile jedwali la lengo, matokeo, viashiria na namna ya kuvithibitisha, ni bajeti iliyogawanywa kwa mistari ya mfadhili, ni ripoti ya robo mwaka, ni kutembelea vijiji na dodoso. Na logifremu yenyewe ilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Mimi nilipotoka saiti kwenda shirika nilikuwa kama mwanafunzi upya, nikiongea mambo ya hati za malipo wenzangu wananiangalia tu.

Kwa hiyo ukipewa brosha usiangalie jina, omba orodha ya masomo, ile ya semista kwa semista. Ukiona mikataba, makadirio ya gharama, manunuzi, usimamizi wa ujenzi, hiyo imeelekea saiti. Ukiona tathmini, takwimu, maendeleo ya jamii, uandishi wa maandiko ya miradi, hiyo imeelekea mashirika. Ukiona vyote vimechanganywa kidogo kidogo na nusu yake ni masomo ya jumla ya menejimenti, jua hiyo ni MBA imebadilishwa jina, ukihitaji MBA nenda kachukue MBA.

Mhandisi anayetaka kupanda awe meneja, mi huwa namwambia aangalie kwanza masta za usimamizi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au za uchumi na usimamizi wa ujenzi pale Chuo Kikuu Ardhi, kuliko kwenda kukaa na sisi wa viashiria. Aliyeko mkoani ambaye hawezi kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kipo tangu miaka ya 90, kina vituo mikoani, kina masta ya usimamizi wa miradi na ya ufuatiliaji na tathmini, lakini ujue unasoma mwenyewe, kama wewe ni mtu wa kusukumwa utakaa nayo miaka. Anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar, IFM, chuo cha usimamizi wa fedha, iko pale pale, anatoka ofisini anatembea kwa mguu mpaka darasani, na kwa foleni za Dar hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, nimeona watu wameacha masomo sio kwa sababu ya hesabu bali kwa sababu ya foleni. Mabosi wanaotaka kukaa na mabosi wenzao wa nchi nyingine kuna ESAMI, taasisi ya menejimenti kule Arusha, ipo tangu 1980 na ni ya nchi kadhaa za kanda hii. Mzumbe nao wapo Dar na Mbeya pia, sio Morogoro tu. Kila chuo kina mtu wake.

Ila wale wa upande wa mashirika lazima niwaambie ukweli wa mwaka 2025. Januari ile Marekani ilivyositisha misaada, watu walipigiwa simu wasije kazini kesho yake. Maafisa miradi, watu wa takwimu, madereva, waratibu wa wilaya wa miradi ya ukimwi na kifua kikuu, watu wenye masta zao safi kabisa. Mpaka Julai USAID yenyewe ikawa imefungwa. Sasa hivi kila tangazo moja la afisa ufuatiliaji na tathmini unagombania na watu waliofanya kazi hiyo miaka 10 na walioachishwa. Halafu brosha za msimu huu zinaendelea kuandika zile zile kwamba soko la ajira ni kubwa katika asasi za kiraia na wafadhili wa kimataifa. Kubwa wapi? Nani aliyeandika hiyo sentensi alitoka nje akaangalia? Mi sio kwamba nasema sekta imekufa, haijakufa, kuna wafadhili wengine na serikali inachukua baadhi ya kazi, lakini mtu anayekopa hela ya ada mwaka huu anastahili kuambiwa hali ya mwaka huu.

Kuna njia fupi pia ambazo vyuo havina sababu ya kukutajia. Kuna PMP, cheti cha usimamizi wa miradi cha PMI, taasisi ya Wamarekani, kwa mwenye digrii ya kwanza wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, ndo unaruhusiwa kukaa kwenye mtihani, na ukifaulu kila baada ya miaka 3 lazima uonyeshe umeendelea kujifunza, la sivyo kinakufa. Ada yake ni ya dola, inauma, lakini ukilinganisha na masta ni sehemu ndogo, na kwenye makampuni ya nje inaeleweka mara moja. Ambaye hana uzoefu kuna CAPM, cheti cha kuanzia cha hao hao. Kuna PRINCE2 ya Waingereza, ngazi ya kwanza haihitaji uzoefu. Kwa watu wa mashirika kuna PMD Pro, siku hizi wanaiita Project DPro, kitabu chake cha mwongozo kinapatikana bure mtandaoni, bure kabisa, kisome hata kama hutafanya mtihani, utajua kama hii kazi unaipenda au unapenda gari la mradi. Lakini vyeti hivi vyote sio shahada, ukitaka kufundisha chuo au kuendelea na PhD havitakusaidia, hapo masta inahusika. Ndo maana nasema kila kitu kinarudi kwenye unataka kufanya kazi gani.

Za mtandaoni za nje nizitaje kwa haraka. Zipo nzuri. Ila matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba aliyesoma nje vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, na kwa vyuo vikuu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Waulize TCU kabla ya kulipa. Na hao hao Sekretarieti wanaandika kwamba matokeo ya muda hayapokelewi, wanataka cheti. Hii nimeiweka makusudi kwa sababu inanipeleka kwenye jambo ambalo hasa ndo limenifanya niandike.

Risachi. Masta nyingi zetu kwenye karatasi ni mwaka mmoja na nusu au miwili, na masomo ya darasani watu wanamaliza kwa wakati bila shida. Halafu inakuja tasnifu na hapo watu wanapotea. Supavaiza ana wanafunzi kibao na safari zake, unamtumia sura ya kwanza inarudi baada ya miezi, au hairudi, unabadilishiwa supavaiza naye anasema mada hii mi siikubali anza upya, huku kila muhula unaopita unadaiwa ada ya kuendelea. Nina rafiki zangu, watu wenye akili zao, masomo walimaliza na A zao, mpaka leo wanajiita wako kwenye risachi. Hawana masta. Wana deni na transkripti nusu. Na hapo ndo walipozaliwa wale jamaa wa kuandikia watu tasnifu kwa hela, mabango yako hadharani karibu na vyuo, tunasaidia risachi, namba ya simu hii hapa, na sisi waajiri tunaletewa mtu mwenye masta ya tathmini ukimuuliza sampo yako uliipataje anaanza kutafuta maji ya kunywa.

Mwanafunzi anayechagua chuo hana njia ya kulijua hili mapema. Ada imeandikwa, picha ya jengo jipya ipo, idadi ya kozi ipo, ila hakuna brosha hata moja niliyowahi kuiona inayosema walioanza masta hii mwaka fulani walikuwa wangapi na waliomaliza ndani ya muda ni wangapi. Chuo kinayo hiyo namba. Ipo kwenye kompyuta ya ofisi ya udahili. Ombi langu kwa TCU, na kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa vile vyuo vilivyo chini yao, ni kwamba wavilazimishe vyuo kuiandika kwenye tangazo, kozi kwa kozi, pale pale chini ya ada, na waongeze idadi ya wanafunzi anaowasimamia kila supavaiza. Sio kazi ya kamati wala semina, ni mistari miwili. Na nyie Mhariri wakileta tangazo la ukurasa mzima la rangi, mwandishi wenu wa elimu awapigie simu awaulize hiyo namba alafu mtuchapie jibu walilotoa, na wakikataa kujibu mtuchapie kwamba wamekataa.

Mpaka hapo itakapoanza kuandikwa, nawashauri wanaotaka kujiunga watafute wanafunzi watatu wanne wa kozi hiyo hiyo waliotangulia, sio wale wa kwenye picha za mahafali, wale walioanza nao, wawaulize supavaiza anapokea simu au hapokei.

Wasalaam,
Mdau wa miradi,
Area C, Dodoma